Kabla nyundo haijagusa kigae: kupanga kazi ya bomba katika bafu la zamani

Swali: Naishi Uyole, Mbeya, katika nyumba iliyojengwa mwaka 1994. Tuna bafu moja tu la ndani, lenye choo cha kuchuchumaa, koki moja ya maji baridi na ndoo. Mama mkwe wangu amehamia kwetu, magoti yanamsumbua, na baridi ya huku mnaijua. Tunataka choo cha kukaa, sinki la kunawia mikono na bomba la mvua lenye maji ya moto. Maji tunayatoa kwenye tangi la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa mita 3, kwa sababu ya mamlaka huja kwa mgawo. Choo nimeshakipenda kimoja pale Mwanjelwa. Fundi anasema mvua zimekwisha, kwa hiyo Jumatatu aanze kuvunja vigae, na mambo ya mabomba tutayaona mbele ya safari. Je, nimruhusu?

Jibu: Dada yangu, mfikishie mama mkwe pole zangu, kisha mwombe fundi wako asubiri. Simtilii shaka ufundi wake, maana kuvunja ndiyo kazi inayoonekana na mafundi wengi tumezoea kuanza nayo. Ila katika bafu la zamani kinachoamua kila kitu ni maji yanayotoka, si yanayoingia, na njia ya maji yanayotoka inaanza kuchunguzwa nje ya nyumba, kwenye chemba, yaani kile kishimo chenye mfuniko ambamo bomba la majitaka ya bafu linaingia, wakati bafu lenyewe bado ni zima na familia inalitumia. Bomba la maji safi hupinda popote utakapo, hupanda dari na kushuka ukutani bila manung'uniko, kwa kuwa lina presha nyuma yake. Bomba la majitaka halina kinachosukuma ila mteremko, na mteremko ukiukosa huwezi kuununua dukani.

Jumatatu akija, basi, afunue chemba iliyo karibu na ukuta wa bafu. Wewe ingia ndani umwage ndoo nzima kwa mkupuo mmoja, naye asimame chembani atazame. Maji yakifika haraka na kwa wingi uleule, bomba lililo chini ya sakafu huenda bado lina afya. Yakija kwa kuchuruzika, au yakafika nusu yake, kuna palipoziba, palipozama au palipopasuka, na hapo utajua mapema kwamba sakafu itavunjwa kwa kina zaidi ya kigae. Baada ya hapo achukue mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyojazwa ndani yake, ule ule ambao waashi hutumia kusawazisha msingi, apitishe ncha moja bafuni na nyingine chembani, kisha apime tofauti ya kimo kati ya sakafu ya bafu na kitako cha bomba pale linapoingia chembani. Namba hiyo iandikwe, kwa sababu ndiyo mtaji wenu wote.

Nieleze kwa hesabu. Bomba la inchi 4 linalobeba kinyesi nalitaka lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Likibanwa na mazingira linaweza kushuka nusu ya hapo, nami sishuki chini ya hapo. Kama kutoka chooni hadi chembani ni mita 6, unahitaji sentimita 15, na nusu yake, yaani 7.5, ndiyo mwisho wa uvumilivu. Sasa tuseme umependa choo kihamie ukuta wa pili, mita 2 zaidi, ili mlango usikigonge. Umejiongezea sentimita 5 za kuteremka ambazo huenda chemba yako haina, na pengine bomba litalazimika kupita katikati ya mkanda wa msingi, mahali ambapo mimi simruhusu mtu kutoboa hovyo. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa nyumba ya umri wa nyumba yako ni choo kibaki ukuta ule ule kilipo, nawe ulipangie sinki na bomba la mvua kukizunguka. Maji ya sinki na ya kuoga hupita kwenye bomba la inchi 2 au chini kidogo, ambalo ni rahisi zaidi kulitafutia njia.

Jambo la pili limewaumiza wengi hapa kwetu, nami nitalikalia kidogo. Choo cha kuchuchumaa cha miaka ile kwa kawaida hakina trapu mwilini mwake. Trapu, yaani kile kiwiko kinachobakiza maji ili harufu isipande, ilifukiwa peke yake chini ya sakafu, nalo sinki la choo likakalishwa juu yake. Choo cha kukaa kinazaliwa na trapu yake ndani ya kauri. Fundi mwenye haraka hung'oa lile sinki la zamani la choo, akasawazisha zege, akakiweka choo kipya juu ya tundu lile lile, na sasa kuna trapu mbili zinazofuatana. Hewa inabanwa katikati ya maji ya juu na maji ya chini. Unavuta maji, yanapanda karibu na ukingo, yanasimama kana kwamba yanafikiri, kisha yanashuka polepole na kuacha karatasi ikielea. Niliitwa katika nyumba moja Kihesa, Iringa, ambako choo kizuri kabisa kilikuwa kimezibuliwa mara tatu ndani ya miezi minne na kila mzibuaji akalaumu watoto. Tulipopasua sakafu tuliikuta trapu ya zamani imekaa mahali pake, nzima, imejaa karatasi na kipande cha kanga. Kuitoa siku ya kwanza kungekuwa kazi ya nusu siku. Kuitoa baadaye kulimgharimu mwenye nyumba vigae vya sakafu nzima. Kwa hiyo kwenye makubaliano yenu na fundi iandikwe waziwazi kwamba trapu ya zamani itatolewa na bomba litafunuliwa hadi pale lilipo zima.

Tukija kwenye choo ulichokipenda, usikilipie kabla hujajua kinatokea wapi. Kuna vinavyotokea chini, sakafuni, na kuna vinavyotokea nyuma, ukutani; viwili hivyo havibadilishani bila kuvunja. Kwa kile cha kutokea chini, muulize muuzaji umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu, na usiridhike na jibu la mdomo, bali kilazwe kipimwe kwa futi mbele yako. Vingi vinavyouzwa madukani hutaka sentimita 30 hivi, lakini vipo vya 20 na kitu na vipo vya 40. Umbali huo hupimwa kutoka ukuta uliokamilika, siyo kutoka tofali tupu. Plasta, gundi na kigae kwa pamoja hula sentimita 3 au 4, na fundi aliyepima kutoka kwenye tofali atajikuta siku ya mwisho tangi la choo linagonga ukuta na choo hakikai juu ya tundu. Kwa mama mkwe, angalia pia kimo cha kukalia, maana vyoo vya sentimita 40 ni vifupi kwa mwenye magoti mabovu na vya 45 au zaidi kidogo humpa nafuu anapoinuka. Atahitaji chuma cha kushika ukutani, nawe amua sasa kitafungwa wapi, ili mabomba ya maji yasipite nyuma ya mahali hapo. Nimewahi kuona drili ikitoboa bomba jipya la maji moto kwa ajili ya kufunga chuma cha kushikia, siku moja baada ya vigae kukauka, na drili hiyo ilikuwa mkononi mwangu.

Kabla hatujayaacha majitaka, tazama kama kuna bomba la hewa linalopanda kutoka kwenye njia ya choo hadi juu ya paa. Nyumba nyingi za miaka ya 90 zina bomba hilo kule kwenye shimo la septiki tu. Ukiongeza sinki na tundu la sakafuni kwenye njia isiyo na hewa, kila choo kinapovutwa maji yake yataivuta na ile sentimita 5 ya maji iliyomo katika trapu ya sinki. Utasikia mlio wa kugugumia, kisha harufu itaanza kuingia ndani, na watu watamwaga dawa wakidhani ni uchafu. Bomba la inchi 2 linalopanda ukutani na kutokeza juu ya paa hulimaliza tatizo hilo. Shimo la kunyonya maji nalo likaguliwe, kwa kuwa bafu lenye bomba la mvua hutoa maji mengi kuliko ndoo, na shimo lililokuwa linamudu ndoo sita kwa siku linaweza kuanza kufurika. Kama maji ya paa yameelekezwa humo, yatolewe kiangazi hiki hiki.

Sasa maji yanayoingia. Ikiwa nyumba bado ina mabomba ya chuma ya mwaka 1994, usiyaunge na mapya ndani ya bafu. Kwa nje yanaonekana imara, lakini ukikata kipande utakuta kutu imejaa hadi tundu limebaki la kupitisha penseli. Badilisha yote kuanzia koki kuu ya bafu, na kama koki hiyo haipo, iwekwe mahali mkono unafika, ili siku ya hitilafu usifunge maji ya nyumba nzima. Kila kifaa kipate pia koki yake ndogo, ile mafundi wanayoiita engo valvu, chini ya sinki na kando ya choo.

Bomba za plastiki za PPR ndizo zinazotumika zaidi siku hizi na zinafaa, mradi zile za maji ya moto ziwe za ukuta mnene, zilizoandikwa PN20. Angalia hata hivyo kwamba PPR ya milimita 20 ya aina hiyo, ambayo dukani huitwa nusu inchi, ina tundu la milimita 13 tu. Kwa presha yako ndogo, bomba la kutoka kwenye tangi hadi bafuni liwe la milimita 25 au 32, na matawi mafupi ya mwisho ndiyo yawe ya 20. Maungio yanachomelewa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260. Bomba la 20 hushikwa humo sekunde 5 na la 25 sekunde 7. Fundi akiongeza kwa kukisia, plastiki huyeyuka kupita kiasi na kujikunja ndani kama mdomo wa chupa, na hutaliona kosa hilo isipokuwa kwa maji kukosa nguvu. Kwa upande mwingine, asubuhi za Juni na Julai, joto likiwa chini ya nyuzi 5, muda huo huongezwa kwa nusu yake. Mimi katika miezi hiyo siwashi mashine mpaka jua limepanda. Zege na plasta nazo hukomaa polepole kwenye baridi, kwa hiyo fundi anayetaka kuweka vigae kesho yake mwambie avute subira.

Mnara wako wa mita 3 unaonekana mrefu ukiwa chini, lakini bomba la mvua liko mita 2 kutoka sakafuni. Kati ya kitako cha tangi na kichwa cha bomba la mvua umebakiwa na mita 1, na ukihesabu maji yaliyomo tangini likiwa limejaa, labda 2. Mita 10 za kimo ndizo huleta baa 1 ya presha. Wewe una kati ya sehemu 1 na sehemu 2 za kumi. Maji yatamwagika, ila kwa ulegevu, na hapo ndipo uamuzi wa hita unapoanza.

Hita ndogo ya kuwasha papo hapo, ile inayofungwa kichwani pa bomba la mvua, imeenea kwa sababu ni rahisi na haihitaji bomba la pili. Wenzetu wa Dar es Salaam wanaifurahia. Lakini tufanye hesabu ya Uyole. Hita ya kilowati 5.5 ikipitisha lita 6 kwa dakika hupandisha joto la maji nyuzi 13. Kule pwani maji yanaingia yakiwa na nyuzi 27, yanatoka na 40, na mtu anaoga akiimba. Hapa alfajiri ya Julai, tuseme maji ya tangi yana nyuzi 15, yatatoka na 28, na mtu mzima aliyelowa kwenye baridi ile atakuona humpendi. Ili zifike 41 itabidi upunguze maji hadi lita 3 kwa dakika, ambazo ni uzi mwembamba. Isitoshe, hita hizi huwashwa na msukumo wa maji wenyewe, na kwa presha yako huenda isiwake kabisa. Inavuta ampea 24 kutoka kwenye umeme wa volti 230, mzigo ambao waya wa soketi za kawaida haukuwekwa kuubeba.

Kwa familia yenu ningechagua hita ya tangi ya lita 50. Yenye kilowati 1.5 huchukua takribani saa moja na dakika arobaini na tano kupandisha maji kutoka nyuzi 15 hadi 60, na ukichanganya na ya baridi unapata lita 80 hivi za kuogea, zinazotosha watu watatu wasioimba sana. Inawashwa kabla ya kuamka na kuzimwa. Hita ya jua ni nzuri kwa kiangazi chetu chenye anga safi, ila gharama yake ya kuanzia ni kubwa na asubuhi za mawingu utahitaji umeme bado. Vyovyote utakavyochagua, zingatia kwamba maji ya moto na ya baridi ya bomba la mvua lazima yatoke kwenye tangi moja. Nyumba nyingi zina koki ya baridi iliyounganishwa na bomba la mamlaka na hita iliyounganishwa na tangi. Siku mgawo ukija, baridi yenye nguvu huisukuma ya moto irudi ilikotoka, na aliye bafuni hujikuta amemwagiwa barafu akiwa na sabuni machoni.

Kama maji yatakuwa legevu mno, njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuinua mnara, kazi ya mwashi na chuma, ambayo haihitaji umeme milele. Ya pili ni pampu ndogo ya kuongeza presha, ifungwe baada ya tangi. Isifungwe kamwe kuvuta kwenye bomba la mamlaka moja kwa moja, kwa sababu inawanyima majirani na hunyonya matope kupitia kila ufa uliopo njiani.

Hita ya tangi huja na valvu ya usalama pale maji baridi yanapoingilia, na valvu hiyo hudondosha matone maji yanapopata moto na kutanuka. Matone hayo ni kazi yake. Niliwahi kukuta moja imezibwa kwa kijiti kilichoviringwa mfuko wa plastiki ili sakafu isilowe. Mwenye nyumba alikuwa analala upande wa pili wa ukuta wenye bomu. Panga tangu sasa kijibomba cha kuyapeleka matone kwenye tundu la sakafuni. Umeme wa hita uwe na njia yake kutoka kwenye meni swichi, na breka inayokata umeme unapovuja, na athi iliyopimwa, na swichi iliyo nje ya mlango wa bafu. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si ya fundi bomba hata akiwa hodari namna gani, nami najihesabu humo.

Mabomba yakishalazwa, usiruhusu plasta ipite juu yake siku hiyo. Ncha zote zizibwe, mfumo ujazwe maji, upampiwe kwa pampu ya mkono hadi baa 10, uachwe usiku kucha huku geji ikiwa imewekwa alama kwa kalamu. Asubuhi sindano ikiwa imeshuka, kuna ungio linalovuja, na kulitafuta kwenye ukuta ulio wazi ni kazi ya dakika chache. Bomba la majitaka nalo lizibwe upande wa chembani, lijazwe maji hadi usawa wa sakafu, litazamwe kwa saa moja. Kisha chukua simu upige picha kila ukuta, futi ikiwa imefunguliwa na kuegeshwa kando ya bomba ili namba zionekane. Picha hizo zitakusaidia siku ya kutundika kioo, na mwanao atakayeirithi nyumba atakushukuru. Malipo ya ufundi nayo yafuate vituo hivi: sehemu majitaka yanapokamilika, sehemu geji inapokaa usiku kucha bila kushuka, na iliyobaki baada ya wiki ya kutumia bafu.

Sakafu ipakwe kizuia maji kabla ya vigae, nacho kipakwe pia ukutani angalau sentimita 15 kwenda juu, na pale pa kuogea zaidi ya kimo cha mtu; sakafu yenyewe ielekezwe kwenye tundu kwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa mita. Kabla ya vigae, ziba tundu, mwaga maji ya kina cha vidole viwili, yaache siku nzima uone kama yanavuja.

Katika kipindi hiki chote hamtakuwa na choo cha ndani kwa wiki mbili hivi, tatu kukiwa na baridi kali. Kama cha nje hakipo au ni mbali kwa mama mkwe, mtafutieni kiti cha choo chenye ndoo kabla ya Jumatatu ya kuvunja, si baada yake.

Choo kipya kitakapokalishwa, fundi asikifunge kwa saruji. Akitumia saruji, siku ya kukitoa kitapasuka. Akifunge kwa skrubu na pete ya mpira kwenye tundu, na silikoni kuzunguka kitako, lakini aache nafasi ya vidole viwili upande wa nyuma bila silikoni, ili pete ikianza kuvuja maji yatokeze sakafuni muyaone, yasijikusanye chini ya choo.